Mkono wa Nani, kwa Sharti la Nani? Mguso na Mwili wa Mwanamke katika Sanaa ya Utendaji

Wahakiki wa sanaa wameandika mengi kuhusu jicho: jinsi mwanamke alivyochorwa huko Ulaya kwa karne nyingi akiwa amelala uchi kitandani, jinsi mchoraji na mnunuzi wa picha walivyokuwa wanaume kwa sehemu kubwa, na jinsi mwili huo ulivyopangwa ili kumridhisha mtazamaji ambaye yeye mwenyewe hakuonekana. Kuhusu mkono wameandika machache zaidi. Hata hivyo, katika maisha ya kila siku mara nyingi ni mkono, kuliko jicho, unaoamua kama mwili wa mwanamke ni wake au si wake: mkono unaompapasa ndani ya basi lililojaa, mkono wa daktari asiyeomba ruhusa, mkono wa mume unaodai haki, mkono wa askari anayempekua. Ndiyo maana kazi za sanaa zilizofanywa na wanawake kuanzia miaka ya 1960, ambazo ndani yake msanii anauleta mwili wake mahali unapoweza kufikiwa, kukatwa nguo, kushikwa au kupitwa kwa kubanana, zinastahili kusomwa kwa uangalifu kuliko zinavyosomwa na wale wanaouona uchi tu wakakasirika, au wanaouona uchi tu wakashangilia.

Sanaa ya utendaji ni sanaa ambayo kazi yenyewe ni tendo linalofanywa na mtu aliye hai mbele ya watu, mahali fulani na kwa muda fulani, pasipo kitu cha kudumu kinachobaki baada yake isipokuwa picha, filamu, masimulizi na pengine karatasi ya maelekezo. Inatofautiana na tamthilia kwa jambo moja la msingi: katika tamthilia mwigizaji hubeba nafsi ya mtu mwingine, na kisu kinachomchoma ni cha mchezo, ilhali katika sanaa ya utendaji msanii hamwigizi mtu yeyote, mkasi ni mkasi wa kweli, baridi ni baridi ya kweli, na ngozi inayoguswa na mgeni ni ngozi yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo suala la ridhaa, ambalo katika tamthilia humalizwa kabla ya pazia kufunguliwa, huku hubaki wazi tangu mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi ndilo kiini cha kazi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wasanii hawa hawakuurejesha mwili wa mwanamke kwa kuuvua wala kwa kuusitiri, mambo mawili ambayo mabishano ya kawaida hayatoki nje yake, bali kwa kuyashika masharti ya mguso: nani aguse, wapi, kwa muda gani, akitazamwa na nani, na nani mwenye neno la kusema basi. Pale masharti hayo yaliposhikwa imara, kazi ilifika mbali. Pale yalipoachiwa, hata kwa makusudi, mwili ulirudi mikononi mwa wale wale waliouzoea kama mali yao.

Ili kuelewa walichokuwa wakikabiliana nacho, inafaa kutazama jioni ya tarehe 9 Machi 1960 jijini Paris, ambapo msanii Yves Klein, akiwa amevaa suti rasmi ya usiku, aliwaongoza wanawake watatu waliokuwa uchi wajipake rangi ya buluu na kuikandamiza miili yao juu ya karatasi kubwa, huku wanamuziki wakipiga na wageni waalikwa wakitazama. Klein aliwaita wanamitindo wake brashi zilizo hai, na alijivunia kwamba yeye mwenyewe hakuchafua hata ncha ya kidole. Wanawake ndio waliogusa rangi na ndio waliogusa karatasi, lakini jina lililoingia katika historia ni la mwanamume ambaye hakugusa chochote. Huko Vienna, katika miaka iliyofuata, Otto Muehl, Hermann Nitsch na Günter Brus walianzisha mtindo wa matendo makali yenye damu, vyakula na uchafu uliomwagwa juu ya miili, wakitangaza kwamba wanaivunja minyororo ya jamii ya Austria iliyokuwa bado na kivuli cha ufashisti. Katika matendo ya Muehl hasa, mwili wa mwanamke ulikuwa mara nyingi malighafi, kitu cha kumwagiwa na kufungwa. Kwamba uhuru wa mwili uliohubiriwa namna hiyo haukuwa uhuru wa kila mtu kulithibitika vibaya sana mwaka 1991, pale Muehl alipohukumiwa kifungo cha miaka saba kwa makosa yaliyojumuisha unyanyasaji wa kingono wa watoto katika jumuiya aliyoiongoza.

Yoko Ono alikuwa ameshatoa jibu mapema, pengine bila kukusudia liwe jibu kwa watu hao. Mwezi Julai 1964, katika ukumbi mmoja mjini Kyoto, alifanya kwa mara ya kwanza kazi iitwayo Cut Piece, yaani kazi ya kukata, ambayo aliirudia Tokyo mwezi uliofuata, New York mwezi Machi 1965, na London mwaka 1966 katika Kituo cha Afrika, nyumba iliyowakutanisha Waafrika wengi wa jiji hilo, wakati wa kongamano kuhusu uharibifu katika sanaa. Maelekezo yake ni mafupi: msanii anaketi jukwaani, mkasi umewekwa mbele yake, watu wanapanda mmoja mmoja kukata kipande kidogo cha nguo yake na kuondoka nacho, na yeye hatikisiki wakati wote. Ono alivaa nguo zake nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Katika filamu iliyopigwa New York na ndugu Albert na David Maysles inaonekana jinsi wa mwanzo wanavyokata kwa haya, ukingo wa mkono wa nguo au pindo la sketi, na jinsi ujasiri unavyoongezeka kwa kila anayepanda, mpaka kijana mmoja anapozikata kamba za sidiria na Ono anainua mikono kukizuia kifua chake.

Wengi wameisoma kazi hii kama picha ya mwanamke anayevumilia, na usomaji huo una ukweli, hasa mtu akikumbuka kwamba Ono ni Mjapani aliyezaliwa mwaka 1933, aliyeshuhudia akiwa mtoto jiji la Tokyo likiteketezwa kwa mabomu, na kwamba waliomkata nguo New York walikuwa kwa sehemu kubwa raia wa nchi iliyoyadondosha mabomu hayo. Lakini usomaji wa uvumilivu pekee unaliruka sharti lililoandikwa mwishoni mwa maelekezo, kwamba kazi inakoma pale msanii anapotaka ikome. Sharti hilo ndilo nguzo. Linageuza kutotikisika kwake kuwa uamuzi unaofanywa upya kila dakika, na linamfanya anayekata awe ndiye anayepimwa, kwa kuwa yeye amepewa ruhusa yenye kikomo asichokijua. Zaidi ya hayo, mpangilio wa jukwaa unamnyima mkataji kitu ambacho mkono wa udhalimu hukihitaji kuliko vyote, nacho ni maficho. Mpapasaji wa ndani ya basi hutegemea msongamano. Huyu anapanda ngazi peke yake, anatazamwa na ukumbi mzima, anachagua mwenyewe mahali pa kukata, kisha anarudi kwenye kiti chake akiwa na kitambaa mkononi kinachomshuhudia. Ono aliirudia kazi hiyo Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 70, na safari hiyo aliwaomba waliokata wampelekee kipande hicho mtu wanayempenda. Mwili wa mwanamke mzee, ambao sanaa na matangazo ya biashara huufanya usionekane kabisa, ulikaa pale pale palipokaa mwili wa mwanamke kijana, kwa masharti yale yale.

Msanii aliyelipeleka suala la mguso hadi barabarani ni VALIE EXPORT wa Austria, aliyezaliwa Linz mwaka 1940, ambaye mwaka 1967 alilitupa jina la baba na jina la mume akajiita kwa jina alilolichukua kutoka kwenye chapa ya sigara na kuliandika kwa herufi kubwa tupu. Katika Vienna ya wakati huo angeweza kuwa mmoja wa miili iliyomwagiwa rangi na wenzake wa kiume. Akachagua kuweka masharti. Mwaka 1968 alifanya kazi aliyoiita Tapp- und Tastkino, yaani sinema ya kupapasa na kugusa: alivaa kifuani kisanduku kilichokuwa wazi upande wa mwili wake na chenye pazia dogo upande wa mbele, mfano wa ukumbi mdogo wa sinema, na mpita njia aliruhusiwa kuingiza mikono yote miwili kupitia pazia na kukigusa kifua chake kwa sekunde chache zilizohesabiwa. Ruhusa hiyo haikuwekwa kwa wanaume tu, kwani wanawake pia waliitumia. Jambo la kuzingatiwa ni lile ambalo picha zilizopigwa kazi hiyo ilipofanywa Munich zinalionyesha wazi: msanii anamtazama machoni yule anayemgusa.

EXPORT aliihesabu kazi hiyo kuwa filamu, na hakuwa akitania. Alikuwa katika kundi la wasanii walioshughulikia kile kilichoitwa sinema iliyopanuliwa, yaani jitihada ya kuvunja sinema katika sehemu zake, mwanga, pazia, mtazamaji, ukumbi, na kuuliza kila sehemu inafanya kazi gani. Katika sinema ya kawaida mtazamaji hukaa gizani na kumwona mwanamke aliyekuzwa pazia zima, asiweze kumgusa na asiweze kuonwa naye. Raha yake inatokana na kwamba hadaiwi chochote. EXPORT alikigeuza kila kipengele: kilichoonyeshwa hakionekani, ni cha kuguswa tu, giza limebaki ndani ya kisanduku, na mtazamaji amewekwa mchana kweupe, barabarani, mbele ya wapita njia, na mwanamke, ambaye katika sinema hana macho ya kurudisha, anamsoma usoni mtu huyo muda wote mikono yake ikiwa ndani. Wale wanaosema kwamba aliwagawia wanaume bure kile walichokuwa wakikilipia hawajalipima hilo vya kutosha, kwani kilicholipiwa gizani hakikuwa kifua, bali haki ya kukitazama bila kujulikana, na haki hiyo ndiyo aliyoiondoa.

Upo hata hivyo upande wa kazi hii unaosumbua, na haifai kuufunika. Huko Munich msanii mwenzake, Peter Weibel, alisimama kando na kipaza sauti akiwaita watu waje, kama mpiga debe wa kituo cha mabasi. Inaweza kujibiwa kwamba sauti hiyo inaifichua biashara ilivyo, kwamba sinema nayo ina wanadi wake, na kwamba kwa kumweka mnadi hadharani kazi inakamilisha mfano wake. Jibu hilo lina akili, lakini halitoshi. Mwanamke anayeyashika masharti ya mguso wake huku sauti ya mwanamume ikiutangaza mwaliko ameyashika nusu. Na pengine nguvu ya macho yake katika zile picha inatokana kwa kiasi fulani na kwamba macho ndiyo yaliyobaki yake peke yake.

Umuhimu wa masharti unaonekana vizuri zaidi pale yanapokosekana. Carolee Schneemann, Mmarekani aliyeonyesha kazi iitwayo Meat Joy jijini Paris mwezi Mei 1964, aliukusanya mguso wa furaha: wanawake kwa wanaume waliobingirishana sakafuni pamoja na samaki wabichi, kuku, soseji, rangi mbichi na karatasi, katika sherehe ya mwili usio na hatia. Schneemann alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja mwanamume alitoka miongoni mwa watazamaji akaanza kumkaba koo, akaokolewa na wanawake waliokuwa wakitazama. Furaha ilikuwa imepangwa. Mpaka wa nani aingie ndani yake haukuwa umepangwa.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, Marina Abramović wa Belgrade aliuondoa mpaka huo kwa makusudi. Katika ukumbi wa Studio Morra mjini Naples alisimama kwa saa sita, kuanzia saa mbili usiku, mbele ya meza yenye vitu 72, vikiwemo waridi, unyoya, asali, mkate, mkasi, visu, bastola na risasi moja, na maandishi yaliyowaambia watu kwamba yeye ni kitu, wanaweza kutumia chochote juu yake, na dhamana yote ni yake. Kazi hiyo, iitwayo Rhythm 0, ilianza kwa upole na ikaishia kwa nguo kukatwa, ngozi kuchanjwa, miiba kubandikwa mwilini, na bastola yenye risasi kuelekezwa kwake hadi watazamaji wengine wakaingilia kati. Muda ulipokwisha na yeye akaanza kutembea kuwaendea, watu walikimbia. Imekuwa desturi kuitaja kazi hii kama kilele cha sanaa ya mwili, na hakuna atakayeukana ujasiri wake. Lakini kama kigezo ni kuurejesha mwili, Rhythm 0 inarudi nyuma ya Cut Piece. Ono alibaki na neno la kusema basi. Abramović alilikabidhi kwa saa ya ukutani. Matokeo yake ni ushahidi mzito kuhusu umati ulioondolewa dhamana, ushahidi ambao kila mwanamke aliyewahi kuachwa peke yake katikati ya umati wa namna hiyo alikuwa nao tayari, na kwa gharama kubwa. Watu walikimbia alipotembea kwa sababu katika saa sita hizo hapakuwa na hata dakika moja waliyolazimika kumtambua kuwa mtu.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana kipimo chake cha kutazamia mambo haya, kwani jamii yake inajua kwa muda mrefu tendo la hadhara ya wanawake ambamo mwili wa mwanamke unashikwa, unasuguliwa, unafundishwa na kuchezeshwa. Katika unyago, mwali huwekwa ndani mikononi mwa kungwi au somo, ambaye ni mwanamke mwenye mamlaka na wajibu wa kumfunda; husuguliwa singo, hupakwa liwa, hufukizwa udi, hufundishwa kukata kiuno kwa ngoma na nyimbo zenye mafumbo, na kinachotendeka ndani ya mlango huo hakitoki nje kwa asiyefundwa. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwezi Aprili 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, aliheshimiwa kwao pia kwa kazi hiyo ya ukungwi. Masharti ya mguso hapa yamekamilika kuliko katika kazi nyingi za Ulaya: anayegusa anajulikana, ana cheo, atawajibika kwake maisha yote, na mwanamume hana mahali pa kukaa akitazama. Ni kweli vilevile kwamba sehemu kubwa ya mafunzo hayo imeelekezwa kwa mume ajaye, na kwamba mwali mwenyewe mara nyingi hakuulizwa kama anataka kuingia. Ukungwi umeweka mguso katika mikono salama bila kumpa anayeguswa neno la kusema basi. Wasanii waliotajwa hapo juu walilitafuta neno hilo bila kuwa na mikono salama ya kuitegemea.

Kwa wanawake Weusi wa Afrika Kusini, historia ya mkono wa mgeni ina jina la mtu. Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi, alipelekwa London mwaka 1810 akaonyeshwa kwa malipo, na walioingia hawakuishia kumtazama, kwani wapo waliomfinya na kumchokoa kwa fimbo ili wathibitishe kwamba umbo lake ni la kweli. Alifariki Paris mwaka 1815, akapasuliwa na mwanasayansi Georges Cuvier, na sehemu za mwili wake zikabaki katika makumbusho ya Ufaransa hadi zilipokabidhiwa kwa Afrika Kusini na kuzikwa tarehe 9 Agosti 2002. Baada ya 1950 serikali ya ubaguzi iliyoainisha raia kwa rangi iliingiza mkono wake hadi kichwani mwa mtu, kwa kipimo cha kuchomeka penseli katika nywele: ikianguka ni wa jamii hii, ikinasa ni wa jamii ile. Mwaka 1997 Tracey Rose, aliyezaliwa Durban, alifanya mjini Cape Town kazi iitwayo Span II, katika maonyesho yaliyokuwa sehemu ya biennale ya pili ya Johannesburg. Aliketi uchi ndani ya sanduku la kioo, amenyoa kichwa, juu ya runinga iliyoonyesha taswira ya mwanamke aliyelala uchi, na mikono yake haikuacha kuzifunga mafundo nywele zake zilizonyolewa. Hakumtazama mtu. Katika historia ambayo kila mwenye fedha na kila afisa alikuwa na haki ya kugusa, mwaliko wa EXPORT usingekuwa na maana ile ile. Kilichohitajika kilikuwa mkono mmoja tu uruhusiwe, wa mwenye nywele, na kioo kiwaonyeshe wengine wote mahali pa kukomea. Makosa ya wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani ni kuihesabu kazi kuwa ya kijasiri kadiri inavyofungua zaidi, kana kwamba miili yote ilianza ikiwa imefungwa.

Aliyekwenda mbali kuliko wote katika jambo hili, kwa mizani inayotumika hapa, ni Lygia Clark wa Brazili, ingawa jina lake linajulikana kwa wachache. Alizaliwa Belo Horizonte mwaka 1920, akaanza kama mchoraji wa maumbo ya kijiometria, na kuanzia 1960 akatengeneza sanamu za mabamba ya metali yaliyoungwa kwa bawaba, alizoziita Bichos, yaani wanyama, ambazo hazikuwa na sura yoyote ya mwisho mpaka mtazamaji azishike na kuzikunjua. Baada ya hapo aliachana polepole na kitu cha kutazamwa. Mwaka 1966 alitengeneza kazi ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa na kokoto juu yake, ambayo mtu huibana taratibu kwa viganja akihisi kokoto likizama na kupanda kama kitu kinachopumua. Mwaka 1967 alitengeneza mavazi mawili mazito, ya mwanamume na mwanamke, yenye kofia zinazofunika macho na mifuko yenye zipu. Kila mmoja hufungua kwa kupapasa mifuko ya mwenzake na kukuta ndani yake vitu vyenye kuleta hisia ya mwili usio wa jinsia ile aliyoitarajia. Jicho limezimwa kwa wote wawili, na kwa hiyo hakuna anayetazama na hakuna anayetazamwa.

Inapasa kukumbuka kazi hizi zilifanyika wakati gani. Jeshi lilikuwa limetwaa madaraka Brazili mwaka 1964, na kuanzia Desemba 1968, kwa amri iliyofuta haki nyingi za raia, mateso ya wafungwa, wanawake kwa wanaume, yakawa utaratibu wa dola. Clark aliishi Paris kuanzia mwaka huo hadi 1976, akifundisha kwa miaka kadhaa katika chuo kikuu cha Sorbonne, ambako mwaka 1973 aliongoza na wanafunzi wake kazi iitwayo Baba Antropofágica: mmoja hulala sakafuni, wenzake wakiwa wamemzunguka na vijiti vya uzi midomoni, wakiuvuta uzi uliolowa mate na kuudondosha juu yake mpaka afunikwe, kisha wauondoe kwa pamoja kwa mikono. Wakati ambapo nchi yake ilikuwa inatumia mguso kuzivunja nafsi za watu, Clark alikuwa akitafuta kama mguso unaweza kuzijenga upya. Aliporudi Rio de Janeiro aliliingiza swali hilo katika chumba cha nyumba yake, na kwa miaka kadhaa, kabla ya kufariki mwaka 1988, alimpokea mtu mmoja kwa wakati mmoja, akamlaza juu ya godoro laini, akauwekea mwili wake vitu alivyoviita vya uhusiano: mifuko ya maji, ya hewa, ya mchanga, magamba ya konokono, vitambaa. Mkononi mwa aliyelala aliweka jiwe, ili awe na kitu kigumu cha kushikilia pale hisia zinapomzidi.

Jiwe hilo linafanya kile ambacho sharti la mwisho la Ono lilikifanya, ila limehamishwa: neno la kusema basi sasa liko kiganjani mwa anayeguswa, naye si msanii. Clark hakuutoa mwili wake uguswe, wala hakuutumia mwili wa mwingine kama brashi. Alijiweka upande wa mkono na kuujaza mkono huo wajibu. Hapakuwa na watazamaji, hapakuwa na picha za kuuza, na wahakiki wengi walimwona ameiacha sanaa. Mwanasaikolojia na mhakiki Suely Rolnik, aliyetumia miaka mingi kuikusanya kumbukumbu ya kazi hiyo, amesisitiza kwamba makumbusho yanayoonyesha vitu vya Clark bila tendo lenyewe yanaonyesha maganda. Kauli hiyo ni kali, lakini ni ya haki.

Mkono wa mwanamke unaotoka kwenda kwa wengine, badala ya kungoja kufikiwa, unaonekana pia katika kazi ya Mierle Laderman Ukeles wa New York. Mwaka 1969, akiwa amejifungua mtoto wake wa kwanza na kugundua kwamba kuosha, kulisha na kusafisha kumeumeza usanii wake, aliandika ilani iliyotangaza kuwa kazi hiyo ya matunzo nayo ni sanaa. Kati ya 1979 na 1980 alizunguka jiji zima na kuwapa mkono wafanyakazi wa usafi wapatao 8,500, mmoja baada ya mwingine, akimshukuru kila mmoja kwa kuliweka jiji hai. Wengi wao walikuwa wanaume ambao wakazi hawakutaka hata kuwakaribia kwa sababu ya taka. Hakuna uchi hapa wala hatari, na labda ndiyo maana kazi hii hutajwa mara chache katika mijadala ya mwili wa mwanamke. Ingepaswa kutajwa mwanzo. Mwili wa mwanamke unamilikiwa na wengine si kwa tamaa peke yake, bali pia kwa ufuaji na upishi usiohesabiwa, na Ukeles aliuchukua ule mkono uliodharauliwa kwa sababu hufanya usafi, akauunganisha na mikono mingine iliyodharauliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Swali la masharti limekuwa gumu zaidi katika miaka ya karibuni, kwa kuwa makumbusho makubwa sasa yanazirudia kazi za zamani kwa kutumia watendaji wa kuajiriwa. Mwaka 1977 mjini Bologna, Abramović na mwenzake Ulay walisimama uchi wakitazamana katika mlango mwembamba wa jumba la sanaa, katika kazi iitwayo Imponderabilia, na kila aliyeingia alilazimika kupita kiubavu katikati yao, akichagua amwelekee nani. Polisi waliisimamisha baada ya saa moja na nusu hivi. Mwaka 2010 makumbusho ya MoMA jijini New York yaliirudia katika maonyesho ya kazi za Abramović. Yeye mwenyewe aliketi kwa zaidi ya saa 700 katika ukumbi mkubwa wa chini, amevaa gauni refu, akitazamana na wageni waliokatazwa kumgusa, walinzi wakiwa kando. Katika ghorofa ya juu, vijana waliokodiwa walisimama uchi mlangoni kwa zamu, na baadhi yao walilalamika kwamba wageni waliwapapasa. Mwaka 2024 mmoja wa watendaji hao, ambaye ni mwanamume, alifungua kesi akidai kwamba aliguswa sehemu za siri mara kadhaa na kwamba makumbusho hayakufanya ya kutosha kumlinda.

Kwamba mlalamikaji ni mwanamume hakuipunguzi hoja. Kunaonyesha kwamba kilichorithiwa mlangoni hapo ni nafasi ya mwili usio na sharti, nafasi ambayo wanawake wameikalia kwa muda mrefu na ambayo yeyote anayeikalia hupata yale yale. Kazi iliporudiwa New York, na baadaye katika Royal Academy ya London mwaka 2023, wageni wasiotaka kupita katikati waliachiwa njia nyingine, na wapo waliosema kwamba mlango wa pili unaiua kazi, kwa kuwa bila kulazimika hakuna uchaguzi. Wanasahau kwamba mlango wa pili uliwekwa kwa faida ya mgeni, ambaye sasa anaweza kukataa mguso asioutaka. Aliyesimama mlangoni hakupewa mlango wake. Msanii aliyeitunga kazi alikuwa na haki ya kuikatisha saa yoyote. Mtendaji wa kuajiriwa, akiguswa vibaya, hutegemea ishara ya kumwita mlinzi, na zamu yake huisha kwa ratiba ya makumbusho.